Leseni ya Wimbi la Mita Arobaini

Tik, tik, tik. Kifuniko cha sufuria kilianza kugonga hata jogoo hawajaamka, nami nikaruka kutoka kitandani kama msichana, nikakikandamiza kwa kiganja. Mvuke ukaniunguza. Nilivumilia, kwa sababu ndani ya sufuria ile kulikuwa na uji wa wimbi, na siku hizo katika nchi yetu wimbi lilikuwa limepigwa marufuku.

"Umeungua, Bibi?" aliuliza Tumpe.

"Sijaungua. Lala."

"Nitalalaje? Mtoto amegeuka tena."

Tumpe ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa tisa, na usiku kucha alikuwa akizunguka chumba, kandambili zikimpiga nyayoni, mara dirishani, mara mlangoni, mara dirishani tena. Nesi Kasiana wa zahanati yetu alikuwa amempima akasema mtoto amelala mlalo, kama mtu aliyelala akaziba mlango. "Uchungu ukianza, afikishwe hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo akapasuliwe," aliniambia. "Asipofika, Bibi, siwezi kukudanganya." Alinishika mkono tu. Nesi yule ana mikono ya joto.

Nilimmiminia Tumpe uji kikombeni, nikamfunika na kanga ili harufu isitoke. Punde si punde tukasikia mtu akikohoa njiani, kikohozi kirefu cha kujilazimisha. Huyo alikuwa Sajini Mpalule, aliyetumwa na serikali kukamata wapika uji. Kila alfajiri alikohoa mara tatu kabla ya kufika kwenye kila nyumba, ili akifika asikute kitu. Sijui mama yake ni nani, lakini alimlea vizuri.

Ngoja nieleze tulifikaje hapo, maana mgeni anaweza kudhani serikali yetu ilikosea.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Lilipelekwa kwenye kamati kuboreshwa, na halijarudi. Sisi tunakaa bondeni, na hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Simu za mkononi huku kwetu tunazitumia kama tochi. Gari la wagonjwa lipo, tena zuri, lakini huja likiitwa, na cha kuliitia hakuna. Nilipoomba Tumpe apelekwe mapema akasubiri huko huko, nilijibiwa kwa barua yenye mhuri kwamba gari la wagonjwa hubeba wagonjwa, na mja mzito ambaye uchungu haujaanza ni mtu mwenye afya njema. Barua ilimpongeza kwa afya yake.

Lakini tangu mimba ya Tumpe ingali changa, serikali yetu sikivu ilikuwa imetuletea simu ya upepo, redio ile ya kusemezana kutoka kituo hadi kituo bila waya wa kuunganisha. Ilikuja ndani ya sanduku pamoja na fundi, Fundi Ngairo, mtu mrefu, mwembamba, anayezungumza na nyaya kwa upole kama anabembeleza mtoto mchanga. Kwa siku mbili alifanya kazi bila kukaa. Paneli ya jua juu ya bati. Betri chini ya meza ya Nesi. Kisha akasimamisha milingoti miwili ya mkaratusi, akavuta waya juu kati yake, mita kumi upande huu, mita kumi upande ule, na waya mwingine ukashuka kutoka katikati mpaka kwenye mtambo ndani.

"Fundi, nisamehe ujinga wangu," nilimwambia. "Mtu wa ng'ambo ya mlima atanisikiaje na waya wenyewe umeishia pale kwenye mti?"

Aliacha koleo akanijibu, wala hakucheka. "Bibi, ukisema kwenye maikrofoni hii, mtambo unaichukua sauti yako unaipandisha kwenye wimbi. Wimbi linapanda ule waya, linaruka mpaka juu kabisa angani. Huko kuna kama dari, hatulioni. Linagonga, linadunda, linateremka ng'ambo. Wao wana waya kama huu wetu, na redio yao imefungwa masafa yale yale. Masafa yakipishana, mnakuwa kama watu waliopatana wakutane sokoni, kila mmoja akaenda soko lake."

"Na wimbi lenyewe lina ukubwa gani?"

"Letu litakuwa la mita arobaini. Ndiyo maana waya ni wa mita ishirini, nusu yake. Waya ukikosea kipimo, sauti inarudi ndani kuunguza mtambo."

Kisha akanionyesha kitufe. Ukikibonyeza unasema, lakini husikii. Ukikiachia unasikia, lakini husemi. Kwa hiyo ukimaliza neno lako unasema "ova," unaachia, unampa mwenzako nafasi. Nikafikiri moyoni: chombo gani hiki chenye adabu namna hii, na kilipitaje forodhani?

Ilibaki kuwasha tu. Lakini kuwasha kunahitaji kibali, maana hewa ya nchi yetu ni mali ya taifa. Fundi Ngairo aliketi kwenye meza yangu ya kulia chakula, akaandika kwa mwandiko mzuri barua kwa Mamlaka ya Hewa: *Zahanati inaomba leseni ya kutumia wimbi la mita arobaini.*

Hapo ndipo palipoanza mambo.

Pale Mamlaka ya Hewa alikuwapo karani mwaminifu sana. Aliisoma barua mara tatu. Akasema: sisi sheria yetu inasema *mawimbi*. Hapa pameandikwa *wimbi*. Mawimbi ni yetu, lakini wimbi, lile ambalo wengine huliita ulezi, ni nafaka. Hakutaka kuingilia kazi ya mtu. Akaipeleka barua Wizara ya Kilimo.

Baada ya wiki sita, Tumpe akiwa ameanza kushika kiuno, hatukuletewa leseni. Tuliletewa Bwana Shamba, jina lake Luhende, akiwa na futi ya kamba na mfuko wa mbolea.

"Wimbi lenu liko wapi?" aliuliza.

"Litakuwa hewani," alisema Fundi Ngairo.

"Hewani halioti." Akaandika kwenye daftari: *Halijaota.*

"Bwana Shamba, nakuomba unisikilize. Wimbi hili halipandwi."

"Ndiyo maana hamna maendeleo. Mnaomba wimbi, kupanda hamtaki. Shikamoo, Bibi. Jembe mnalo?"

"Marahaba, baba. Lipo."

Akapima mita arobaini mbele ya zahanati, chini ya ule waya wa Fundi, akavua viatu, akapanda mstari wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akituonyesha nafasi ya mbegu na mbegu. Lazima nimsifu. Nimelima miaka mingi, na sijaona mstari ulionyooka vile. Fundi Ngairo alikaa kwenye ngazi ya zahanati ameshika kichwa. Bwana Shamba akamletea maji akidhani ni jua.

Taarifa ya Bwana Shamba ilipofika makao makuu iliwashtua wakubwa. Kumbe bonde zima lilikuwa na wimbi, tangu enzi za mababu, na hakuna hata mmoja mwenye leseni! Ukaja waraka: *Ni marufuku kwa mtu yeyote kumiliki, kusaga, kupika, kunywa au kurusha wimbi bila leseni.* Neno *kurusha* liliongezwa na Mamlaka ya Hewa, kuonyesha kwamba taasisi zetu zinashirikiana. Ndipo akaja Sajini Mpalule na nta nyekundu. Akapiga lakiri kwenye mashine ya kusaga, na nyingine kwenye mlango wa chumba cha redio, akaanza kukohoa kijijini kwetu kila alfajiri.

Tulisubiri. Wimbi la mbele ya zahanati likaota, likarefuka, likatoa masuke kama vidole. Tumbo la Tumpe nalo likashuka. Kila asubuhi Fundi Ngairo, aliyekatazwa kuondoka mpaka awashe mtambo na kukatazwa kuwasha mtambo, alipanda mlingoti akafuta waya vumbi. Nilimwuliza kama kuna haja. Akasema hapana, ila hawezi kukaa. Hata mimi sikuweza. Nilikuwa nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Mwishowe tukaambiwa Waziri wa Kilimo mwenyewe atakuja kutukabidhi leseni. Alfajiri ile niliyoungua kiganja ndiyo ilikuwa siku yake.

Alikuja na magari kumi na moja. La kwanza lilimbeba yeye. La pili lilibeba kiti chake, na la tatu lilibeba kiti chake cha akiba, chenye nembo ya taifa kwenye egemeo, kimefungwa mkanda kama mtu. Yaliyobaki yalibeba wa kumpigia makofi, kwa kuwa makofi ya kienyeji hayajathibitishwa. Vikafungwa vipaza sauti vinne kwenye milingoti ya Fundi Ngairo.

Mimi, kwa umri wangu, niliteuliwa kupokea leseni kwa niaba ya walaji. Ilikuwa karatasi nene, pana kama kawa, ina utepe. Waziri akanipa, tukapigwa picha, akanigeuza kwa upole ili uso wangu usizibe wake, kisha akashika maikrofoni.

"Ndugu wananchi! Wimbi ni nini?" Akainua kidole. "Nilijiuliza swali hilo njiani, na nikajijibu mwenyewe. Wimbi ni uti wa mgongo! Wenzetu walioendelea walianza na wimbi moja tu. Sisi tunaanza na mita arobaini!"

Makofi.

"Serikali yenu inawasikia! Inawasikia mkiongea, inawasikia mkinyamaza!"

Wakati huo Tumpe alinishika bega kwa nyuma. Uso wake ulikuwa umelowa. "Bibi," alisema, "uchungu umeanza."

Nesi Kasiana alimtazama, akamtazama tumbo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hatuna siku mbili. Hatuna hata jioni."

Nikainua mkono.

"Naam! Bibi yetu ananiunga mkono!" alisema Waziri. "Asante, Bibi!" Makofi. Nikainua mikono yote miwili. Makofi yakazidi.

Tukaenda kwa Afisa Itifaki, kijana aliyevaa suti nzito kwenye jua lile; nikamwonea huruma. Nesi akamwomba gari moja tu kati ya kumi na moja.

"Haiwezekani, Nesi. Funguo za magari yote ziko mfukoni mwa Mheshimiwa. Mwaka jana watu waliondoka hotuba ikiendelea."

"Basi mwombe."

"Maombi yanapokelewa baada ya hotuba. Hotuba ina kurasa tisini na sita." Akachungulia. "Yuko ukurasa wa nne."

Dereva wa gari la kiti cha akiba alikuwa amesikia. Alifungua mlango, akafungua mkanda, akakitoa kile kiti, akakiweka kivulini. "Gari siwezi, mama zangu," alisema. "Lakini dada asisimame." Tumpe akakalishwa, mgongo kwenye nembo ya taifa, akashika mikono ya kiti mpaka vidole vikawa vyeupe.

Fundi Ngairo alikuwa akizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi nilikuwa bado na leseni mkononi. Nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikisoma lazima nitoe sauti. Sijui kwa nini nilianza kusoma. Mikono ilitaka kazi. "*Mwe-nye le-seni hii ana-ruhu-siwa ku-tumia wi-mbi la mita aro-baini, wakati wo-wote, kwa ma-tumizi ya bi-nadamu.*"

Fundi alisimama ghafla. "Soma tena, Bibi."

Nikasoma tena. Tukaenda wote mpaka kwenye mlango wenye lakiri, na Sajini Mpalule amesimama mbele yake.

"Afande," alisema Fundi, "tunataka kutumia wimbi la mita arobaini."

"Lakini hili la kwenye leseni ni la kula, Ngairo."

"Imeandikwa la kula?"

Sajini aliichukua karatasi. Akaisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Midomo yake ilikuwa inacheza. "Imeandikwa kutumia," alisema.

"Na ni mita ngapi?"

"Arobaini."

"Kwa matumizi ya nani?"

Sajini alimtazama Tumpe pale kwenye kiti. "Ya binadamu," alisema taratibu. Akakohoa mara tatu, kwa mazoea, kisha akabandua ile nta kwa ukucha wa kidole gumba. Alibandua kwa uangalifu, kipande kimoja, akakiweka mfukoni.

Fundi aliwasha. Kitaa chekundu kikawaka, mtambo ukavuma. "Sema wewe, Bibi. Leseni ni yako."

Nikabonyeza. "Wilaya, Wilaya, hapa Zahanati ya Bondeni. Ova." Nje, vipaza sauti vya Waziri vikalia kwaa-kwaa-kwaa kama bata, maana wimbi letu lilikuwa limeingia hata kwenye nyaya zake. Watu wakapiga makofi.

Nikaachia. Mvumo tu, kama mvua ya mbali. Nikaita tena. Bata wakalia tena, makofi tena. Mvumo. Fundi alishika waya kwa vidole viwili kama anapima mapigo ya moyo. Nyuma yangu Tumpe alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaita mara ya tatu.

"Zahanati!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, inatetemeka. "Jamani, Zahanati! Nakusikia! Usiondoke! Ova!"

"Ni nani mwenzangu? Ova."

"Sikujua. Ova."

"Hukujua nini, mwanangu?" Nikabaki nimekandamiza kitufe, nangoja jibu. Fundi akakiondoa kidole changu polepole.

"...ndilo jina langu, Bibi. Sikujua. Mama hakujua kama tuko wawili tumboni. Nimewekwa hapa miezi saba nisikilize zahanati thelathini na mbili, na wote wanangoja leseni. Wewe ni mtu wa kwanza. Una shida gani? Ova."

Nikamweleza. Mtoto amelala mlalo, uchungu umeanza, gari lije. Niliongea kwa kukimbia, nikakumbuka ova.

"Usifunge," alisema. "Namfuata dereva kwa miguu yangu mwenyewe."

Tukasikiliza mvumo. Nje, Waziri alikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Nilihesabu mbao za dari, nikazisahau, nikahesabu upya. Kisha: "Limeondoka, Bibi. Fomu nitajaza mimi. Nimemwambia asipunguze mwendo ila kwenye daraja. Ova."

Gari la wagonjwa lilifika Waziri akiwa ukurasa wa arobaini na moja. Halikuweza kusogea mpaka kwetu, kwa sababu magari kumi na moja yalikuwa yameziba njia. Tumpe hakuweza hata kuinuka. Basi Sajini, Fundi, dereva wa kiti na Bwana Shamba wakainua kiti pamoja naye ndani yake, wakapita naye katikati ya mkutano.

Na itifaki ya nchi yetu iko wazi: kiti chenye nembo kikipita na mtu juu yake, kila mtu husimama. Bendi ikashtuka ikapiga wimbo wa taifa. Wapiga makofi wakasimama. Waziri alikiona kiti, hakuona nani, akadhani amefikiwa na mkubwa wake. Akasimama wima, mkono kifuani, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Katika kimya hicho watu wote walimsikia mjukuu wangu akilia, na wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kumwambia, "Pole, mama, pole, unafika," mpaka kiti kikaisha kupita.

Kisha Waziri akaendelea na ukurasa wa arobaini na mbili.

Garini palikuwa na nafasi ya mgonjwa na Nesi tu. Mimi nilibaki. Kesho yake, jua halijakausha umande, nilikuwa nimekaa mbele ya mtambo, Fundi amenisogezea kiti chenye mto. Nilibonyeza kitufe nikaita Wilaya.

"Nilikuwa nakungoja, Bibi," alisema Sikujua. "Nimetoka wodini sasa hivi, nimekwenda kuona kwa macho yangu nisije nikakuletea habari ya kuambiwa. Ni wa kike. Mzima. Analia kama ving'ora vya msafara. Mama yake amepasuliwa salama, amefumbua macho, ameomba uji wa wimbi. Ova."

Nilibonyeza kitufe nikalia, kisha nikasema ova.

"Nimekusikia vizuri kabisa," alisema. "Bibi, hiyo leseni yenu inaisha lini? Wenzenu thelathini na mmoja bado hawajapata. Ova."

Nikaitafuta karatasi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa. Nikamsomea kama nilivyojifunza: "*Le-seni hii ita-koma siku wi-mbi lita-kapo-vunwa.* Ova."

"Limeiva? Ova."

Nikatazama dirishani. Mita arobaini za wimbi zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa. Lakini Bwana Shamba alikuwa ameshavua viatu, na wanawake watano nyuma yake, wanapanda mistari mipya katikati ya ile ya zamani. Sajini Mpalule alikuwa amekaa ukingoni na manati, anafukuza ndege, au anajifanya hawaoni wale wanawake, sikuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

"Bado," nilisema. "Na halitaiva lote kwa pamoja. Ova."

Mvumo ukaja, ile mvua ya mbali. Nilidhani ameondoka. Kisha akarudi, sauti yake ndogo, kama ya mtu aliyesimama mlangoni anaogopa kubisha.

"Basi, Bibi, kesho unitembelee tena hewani. Hata kama hakuna mgonjwa. Ova."